Kilo kwa Jike, Si Ukubwa wa Dume

Katika minada mingi ya Umaasaini, Kenya na Tanzania, kondoo hauzwi kwa mizani. Mnunuzi humshika mgongoni, hupapasa kiuno na shina la mkia, hukadiria uzito kwa jicho, kisha hutaja bei. Kwa utaratibu huo mnyama mkubwa hushinda, na tangu kondoo aina ya Dorper waenee Kenya, mkubwa mara nyingi ndiye huyo mwenye kichwa cheusi na mwili mweupe, au chotara wake. Akisimama karibu naye, kondoo mwekundu wa Kimaasai huonekana mdogo, mwembamba wa miguu, asiye na maajabu. Mfugaji anayeiona tofauti ya bei kila siku ya mnada akaamua kununua dume wa Dorper hafanyi ujinga. Anafanya hesabu. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo huanzia kwa mnyama aliyefika mnadani, ilhali inapaswa kuanzia kwa jike aliyepandwa, na kumhesabu kila mwanakondoo aliyezaliwa, pamoja na wale ambao hawakufika.

Tuanze kwa kumpa Dorper haki yake: anakomaa mapema. Mwili wa kondoo haukui wote kwa mpigo mmoja. Mifupa hutangulia, misuli hufuata, mafuta huja mwisho. Utaratibu huo ulielezwa kwa kina na John Hammond wa Cambridge katika utafiti wake kuhusu nyama ya kondoo uliochapishwa mwaka 1932. Kondoo anayekomaa mapema ni yule anayemaliza hatua hizo akiwa angali mchanga: misuli imejaa, mafuta ya kutosha yamefunika kiuno na mbavu, na umri wake ni miezi, si miaka. Kwa mlaji, faida ni kubwa. Nyama ya mnyama mchanga ni laini kwa sababu nyuzi zinazoshikilia misuli bado hazijakazana, na ile harufu nzito ya kondoo inayowafanya watu wengi wachague mbuzi haijakolea ndani ya mafuta. Kwa mfugaji, faida ni kubwa zaidi. Kondoo anayehitaji mwaka mmoja na nusu hadi miwili ili afae kuuzwa lazima apite kiangazi kimoja au viwili njiani, na kila kiangazi hula sehemu ya uzito alioupata wakati wa mvua. Dorper aliyetunzwa vizuri Afrika Kusini huweza kufikia kilo 36 akiwa na miezi mitatu na nusu hadi minne, na kutoa mzoga wa kilo 16 hivi. Hakuna kondoo wa asili wa Afrika Mashariki anayekaribia kasi hiyo.

Lakini kasi hiyo haikushuka kutoka mbinguni, na jinsi ilivyopatikana ndiyo habari yenye mafunzo zaidi. Katika miaka ya 1930 wafugaji wa nyanda kame za Karoo, Afrika Kusini, walikuwa na shida ya soko. Kondoo wao wenye mikia ya mafuta walistahimili ukame, ila mizoga yao haikupendwa London, ambako nyama ya Afrika Kusini ilishindana na ile ya New Zealand. Kondoo wa Uingereza walikuwa na mizoga iliyopendwa, ila jua na malisho duni ya Karoo viliwashinda. Jibu la wataalamu wa serikali katika kituo cha Grootfontein, karibu na mji wa Middelburg, halikuwa kuleta madume wa Kiingereza na kuwaachia makundi. Walijaribu kuchanganya aina kadhaa za Kiingereza na kondoo wa kienyeji, wakapima, wakalinganisha, na mwishowe mchanganyiko wa Dorset Horn na kondoo mwenye kichwa cheusi ndio uliosimama. Dorset alichaguliwa kwa ukuaji, maziwa, na uwezo wake wa kupata mimba nje ya msimu mmoja wa mwaka. Mwenye kichwa cheusi aliingizwa kwa ajili ya uhai: ngozi, miguu ya kutembea mbali, tumbo lisilochagua majani. Chama cha wafugaji wa Dorper kiliundwa mwaka 1950, na viwango vya uteuzi viliendelea kuwekwa na kusimamiwa baada ya hapo.

Huyo kondoo mwenye kichwa cheusi, ingawa Waafrika Kusini walimwita wa Kiajemi, asili yake ni Pembe ya Afrika. Ni ndugu wa kondoo wa Kisomali wanaopakiwa melini Berbera kwenda Saudia, hasa majira ya Hija, na ambao soko la Ghuba linawapenda. Kwa hiyo nusu ya damu ya Dorper ni ya ukanda wetu wenyewe. Waliomtengeneza walitambua kwamba ustahimilivu ni mali ya kununuliwa kwa gharama, wakauweka kama nusu ya jengo.

Sisi tuliazima jengo tukaacha ramani. Hadi katikati ya miaka ya 1970, kondoo wekundu wa Kimaasai safi walikuwa kila mahali katika nchi ya wafugaji Kenya, pengine mamilioni kadhaa. Kisha ukaja mpango wa kusambaza madume wa Dorper kwa bei ya ruzuku. Wafugaji waliwapokea kwa furaha, kwa sababu kizazi cha kwanza cha machotara kilikuwa cha kupendeza kweli: wakubwa kuliko mama zao na wagumu kuliko baba zao. Hapakuwa na mafunzo kuhusu kizazi cha pili na cha tatu. Wengi waliendelea kuwapandisha machotara kwa Dorper mwingine, au kuwaacha madume chotara wapande bila mpango, na kila hatua damu nyekundu ikapungua. Watafiti walipotafuta kondoo wekundu safi mwaka 1992, na tena miaka iliyofuata, walizunguka sehemu kubwa ya nchi ili kupata kundi dogo la kuanzia, na hata hilo baadaye lilionyesha dalili za kuchanganyika. Katika muda usiotosha mtu kuzeeka, aina iliyojengwa na vizazi vya wafugaji ilikuwa imeanza kuyeyuka.

Kwa nini jambo hilo litusumbue? Sababu kuu ni mnyoo mmoja. Mnyoo mkubwa wa tumbo, ambao wataalamu huuita *Haemonchus contortus*, huishi katika tumbo la nne la kondoo na kunyonya damu. Jike mmoja wa mnyoo hutaga mayai kati ya 5,000 na 10,000 kwa siku; mayai hutoka na kinyesi, na katika joto na unyevu viluwiluwi huwa tayari kwenye majani baada ya wiki moja hivi. Mnyoo mmoja hukadiriwa kunyonya mililita 0.05 za damu kwa siku. Ni kiasi cha kupuuzwa, mpaka uzidishe. Kondoo mwenye minyoo 5,000 hupoteza robo lita kila siku, na kondoo wa kilo 35 ana damu ya lita mbili na ushei tu mwilini. Hapo ndipo ufizi na ndani ya kope hupauka, uvimbe hutokea chini ya taya, na mwanakondoo aliyekuwa akirukaruka juzi hukutwa amelala kifudifudi bomani. Wanaopigwa zaidi ni wanakondoo wanaoanza kula majani na majike waliotoka kuzaa, maana mwili wa jike anayenyonyesha hulegeza ulinzi wake. Yaani mnyoo huyu hushambulia hasa pale ambapo nyama ya mwaka kesho inatengenezwa.

Kondoo mwekundu wa Kimaasai ana kinga ya kurithi dhidi yake. Jambo hilo lilipimwa kwa makini katika pwani ya Kenya, huko Diani, katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990, na watafiti wa kituo ambacho leo kinajulikana kama Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI. Kondoo wekundu, Dorper na machotara wao walilishwa kwenye malisho yaleyale, wakipata minyoo kwa njia ya kawaida. Wekundu walitoa mayai machache zaidi ya minyoo katika kinyesi, damu yao ilibaki nzito zaidi, na wanakondoo wao walikufa kwa idadi ndogo zaidi kwa mbali. Tija ya kundi zima ilipohesabiwa, kwa kuangalia nyama inayovunwa kulingana na malisho yaliyotumika, kondoo mdogo alimzidi mkubwa mara kadhaa. Dorper aliyekuwa bingwa wa mizani, mnyama kwa mnyama, alishindwa kundi kwa kundi.

Hesabu ya mfano itaonyesha jinsi hilo linavyowezekana. Tarakimu hizi ni za kufikirika, lakini mantiki yake haitegemei tarakimu. Mfugaji ana majike 50 wakubwa wa kilo 50 kila mmoja. Wanazaa wanakondoo 45, na katika mwaka wa mvua nyingi wanafariki 18. Waliobaki 27 wanaachishwa ziwa wakiwa na kilo 16 kila mmoja: jumla kilo 432. Jirani yake ana majike wa kilo 35. Jike mdogo hula kidogo, kwa hiyo malisho yaleyale yanayowatosha wakubwa 50 huwatosha wadogo 65 hivi. Wanazaa 58, wanakufa 6, na 52 wanaobaki wana kilo 12 tu kila mmoja. Jumla ni kilo 624. Mnadani jirani atachekwa kwa udogo wa wanyama wake, na atarudi nyumbani na fedha nyingi zaidi. Kukomaa mapema ni sifa ya mnyama aliye hai, na kwa hiyo haiwezi kupimwa peke yake. Kipimo ni kilo zilizoachishwa ziwa kwa kila jike kwa mwaka.

Wapo watakaosema kwamba dawa za minyoo zipo, tena si ghali sana, hivyo mfugaji anaweza kumchukua kondoo wa kasi na kuujazia udhaifu wake kwa dawa. Ni pingamizi la maana, na kwa shamba moja lenye uangalizi mzuri linaweza kuwa kweli kwa miaka kadhaa. Lakini minyoo nayo huteuliwa. Kila dawa inapotolewa kwa kundi lote, minyoo inayosalimika ndiyo inayotaga mayai ya kesho. Kenya imeripoti usugu wa mnyoo huyu kwa dawa tangu miaka ya 1980, na Afrika Kusini, nyumbani kwa Dorper, tatizo limekuwa kubwa kiasi kwamba wataalamu wake walibuni kadi ya rangi za kope, iitwayo FAMACHA, ili mfugaji aangalie jicho la kila kondoo na kumpa dawa yule tu aliyepauka. New Zealand na Australia, nchi zenye maduka ya dawa, maabara na mizani kila shamba, zimekuwa zikiteua madume kwa uwezo wa kupinga minyoo tangu miaka ya 1990. Ikiwa matajiri wa kondoo duniani wanatumia fedha na miaka kujenga ndani ya makundi yao sifa ambayo kondoo mwekundu anayo tayari, kuitupa sisi tukinunua chupa za dawa ni biashara mbaya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami siwezi kulikwepa. Wafugaji wengi hawaishi pwani yenye unyevu. Wanaishi katika nyanda kame ambako mnyoo hupata taabu. Ni kweli kwamba katika maeneo hayo tofauti kati ya aina hizi mbili hupungua sana, na Dorper au chotara wake, kwa bei nzuri anayopata, huweza kuwa chaguo sahihi. Karibu na Isinya, ambako barabara ni nzuri na wanunuzi wa Nairobi wako jirani, wafugaji wanaopenda Dorper wana sababu. Tena ardhi imegawanywa, na mwenye eka chache hawezi kufuga kondoo mia mbili wadogo. Lakini nyanda kame zina adui wake. Ukame wa mwaka 2008 na 2009 ulifagia mifugo Kajiado, na wafugaji wa upande wa Amboseli, ambako mazingira ni makali zaidi, waliwataja wekundu kuwa ndio wanaovumilia njaa na kiu. Mnyama mkubwa ana mwili mkubwa wa kulisha siku ambayo hakuna majani. Na ukame ukiisha huja mvua ya kupindukia, na mvua hiyo huleta minyoo hata mahali ambapo haikuwa tishio. Kwa hiyo jibu la swali la kondoo gani ni bora halipo. Lipo jibu la kondoo gani, mahali gani, akiwa na matunzo gani. Ninachokataa ni kumpeleka dume mmoja wa aina moja kila kata na kuuita huo uboreshaji wa mifugo.

Njia iliyo wazi ni kutumia aina zote mbili bila kuiacha moja iimeze nyingine. Jike mwekundu safi akipandwa na dume wa Dorper huzaa chotara wa kizazi cha kwanza mwenye nguvu ya ziada inayotokana na kukutana kwa damu mbili zisizo ndugu. Huyo hukua haraka kuliko mama yake, hurithi sehemu ya kinga yake, na hunyonya kwa jike ambaye hakuishiwa damu. Anapofikia uzito wa soko anauzwa, dume na jike. Nguvu ile ya ziada haidumu vizazi vikiendelea kuchanganyika ovyo. Kumbakiza dume chotara ili apande ni mojawapo ya makosa yaliyoyeyusha makundi baada ya miaka ya 1970. Mpango huu una sharti moja lisilojadilika: lazima kila mwaka sehemu ya majike wekundu wapandwe na madume wekundu, ili mama wa kesho wapatikane. Bila hao, mpango wa kuchanganya hufa na kizazi kimoja. Wanaosema kondoo mwekundu amepitwa na wakati na wanaosema Dorper ndiye mustakabali hawajaona kwamba wa pili anamhitaji wa kwanza ili awe na faida katika nchi hii.

Na huyo mwekundu mwenyewe hapaswi kubaki alivyo. Ndani ya aina yake wapo wanaokua haraka na wanaochelewa, na tofauti hiyo kwa sehemu hurithiwa. Dume mmoja huweza kupanda majike 30 hadi 40 kwa msimu, kwa hiyo kuchagua dume mmoja vizuri ni sawa na kuchagua nusu ya damu ya kizazi kizima. Watu husema wafugaji wa vijijini hawawezi kuweka kumbukumbu. Ethiopia imeonyesha vingine. Tangu mwaka 2009 wafugaji wadogo wa kondoo wa Menz, Bonga na Horro, wakisaidiwa na watafiti, wamekuwa wakiyahesabu makundi ya kijiji kama kundi moja: wanakondoo wanawekewa hereni, wanapimwa, kisha kamati ya wafugaji wenyewe inachagua madume vijana wa kubaki, na waliokataliwa wanahasiwa, wananenepeshwa na kuuzwa. Uzito wa miezi sita umepanda, bila damu ya kigeni. Na Wamaasai hawaanzi kutoka patupu. Kwa muda mrefu wamekuwa wakimfunga dume kipande cha ngozi tumboni ili asipande nje ya msimu wanaoutaka. Watu wanaopanga siku ya kuzaa kwa ngozi na kamba wanaweza kuandika uzito kwa kalamu na mizani ya kuning'iniza.

Kuna jambo moja la nyama yenyewe ambalo mbegu bora peke yake hailiwezi. Kondoo mchanga aliyenona akiswagwa siku mbili hadi sokoni, akalala bila maji, akachinjwa akiwa amechoka na kuogopa, misuli yake huwa imeishiwa sukari inayohitajika ili nyama iive vizuri baada ya kuchinjwa. Nyama hiyo hutoka nyeusi na huharibika upesi. Mzoga ukiingizwa kwenye baridi kali mapema mno, misuli hujikunja na kukakamaa. Mapumziko, maji na kivuli kabla ya machinjio havigharimu sana. Mizani mnadani nayo ingebadilisha tabia ya soko lote, kwa sababu anayelipwa kwa kilo na kwa umri wa mnyama hana haja ya kungoja miaka miwili ili kondoo wake aonekane mkubwa machoni.

Serikali za kaunti na halmashauri zinazotenga fedha za kununua madume zidai mambo mawili kabla ya kutia saini: kumbukumbu za mama na ndugu wa kila dume, na kundi safi la wekundu litakalolindwa katika eneo hilohilo kwa fedha hizohizo. Na wewe mfugaji, ukimnunua dume mpya, wa aina yoyote, usimwachie kundi lote mwaka wa kwanza. Mpe majike kumi au kumi na tano, majike waliobaki mpe dume uliyemzoea, kisha hesabu wanakondoo wa kila upande siku ya kuachishwa ziwa, uwapime, ugawanye kwa idadi ya mama zao.